Namba Zetu Zimeandikwa kwa Jina la Nani?



Leo, ndugu msikilizaji, tuanzie Bweranyange, kwa Omukama Rumanyika, yaani mfalme wa Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1861. Mwingereza John Hanning Speke amefika pale na mwenzake James Grant, wanatafuta chimbuko la Mto Nile. Rumanyika amewapokea kwa heshima. Wakati huo wanawake wa ikulu walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama, na unene huo ndio uliokuwa urembo. Speke akamwomba shemeji mmoja wa Omukama akubali kupimwa. Mama yule hakukubali bure. Walipatana kwamba na yeye Mzungu amwonyeshe mikono yake na miguu yake ikiwa wazi. Speke akatimiza ahadi, kisha akapima mkono, kifua, paja, shavu la mguu na urefu. Namba zile akazichapisha kitabuni mwaka 1863, na bado zinasomwa.

Unaweza kumkasirikia Speke, na sababu zipo. Lakini katika kazi ya kuandika namba kuna jambo alilolifanya ambalo wasomi wengi wa leo wanalikwepa. Alisema alipima nani, wapi, lini, na kipimo kipi hakukiamini. Alikiri mwenyewe kwamba vipimo vingine ni sawasawa isipokuwa urefu, kwa sababu mama yule hakuweza kusimama akapimwa vizuri. Jambo ambalo hakulifanya ni kutuachia jina la mama. Jina la mpimaji limebaki miaka zaidi ya 160, na aliyepimwa amebaki kuwa shemeji wa mfalme.

Mazungumzo ya leo yanahusu hilo. Mtafiti akitumia data, yaani namba na majibu yaliyokusanywa na watu, kutoka kwa watu, anapaswa kuzitajaje katika makala yake, tasnifu yake au kitabu chake? Najua wapo mlioanza kunyoosha mkono kubadili stesheni. Subirini kidogo. Data zenyewe ni zenu.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Nkwenda aliniletea tasnifu yake ya shahada ya pili nimsahihishie Kiswahili. Kazi nzuri, ya uchumi wa kaya, ina majedwali kumi na kitu. Chini ya kila jedwali kuna mstari mmoja wa maandishi ya mlalo: Chanzo: Data za Uwandani. Majedwali mawili ya mwisho yana mstari tofauti: Chanzo: Benki ya Dunia. Nikamuuliza, "Mwanangu, uwanda upi?" Akacheka. Nikamuuliza tena, "Benki ya Dunia ipi? Maana ina maelfu ya tafiti." Hapo hakucheka. Akasema kwamba alipakua faili kwenye kompyuta ya rafiki yake chuoni, na jina la faili halikumbuki. Nikafungua orodha ya marejeleo mwishoni: kurasa nne za vitabu na makala, hakuna hata mstari mmoja wa data. Kitabu alichokinukuu mara moja kimo, pamoja na mji kilikochapishwa. Namba zilizobeba tasnifu nzima hazimo.

Simlaumu peke yake. Ndivyo tulivyofundishwa. Tukiokota sentensi ya mtu tunaambiwa tumtaje, la sivyo ni wizi wa kitaaluma. Tukiokota kazi ya miaka ishirini ya watu mia, tunaandika "Chanzo: Benki ya Dunia" na tunalala usingizi.

Nilizitambua zile namba za majedwali mawili ya mwisho. Zilitoka katika utafiti ambao wachumi wa dunia nzima wanaufahamu, na watu wa Kagera wenyewe wengi wameusahau au hawakuwahi kuambiwa unaitwaje. Ni Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, ambao kwa kifupi huitwa KHDS. Turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia hii mjadala wa kutaja data unabaki kuwa adabu za maktaba.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Wakubwa kidogo mnakumbuka tulivyouita ugonjwa ule Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa kutoka Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vifo vilikuwa vimeshika kasi, nyumba zinabaki na bibi na wajukuu. Swali likawa: kaya inayompoteza mtu mzima inapata hasara gani, na inajikwamuaje? Kati ya mwaka 1991 na 1994 wadadisi walizihoji kaya 915 katika jamii 51 za mkoa huu, Karagwe ikiwemo, na nyingi kati yake walizihoji mara nne. Walihesabu mbuzi, waliuliza bei ya maharage, waliuliza nani amefariki na nani analipa ada, walipima watoto uzito na urefu.

Nani aliongoza kazi hiyo? Hapa ndipo utamu ulipo. Walikuwemo Mead Over na Martha Ainsworth wa Benki ya Dunia, na walikuwemo Watanzania: Godlike Koda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na George Lwihula, Phare Mujinja na Innocent Semali wa Muhimbili. Watanzania wanne katika sita. Sasa rudi kwenye tasnifu ya kijana wetu: "Chanzo: Benki ya Dunia." Kwa maneno manne amewafuta wanasayansi wanne wa nchi yake mwenyewe, bila hata kujua kwamba amewafuta.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2004, kundi jingine likaamua kuwatafuta watu walewale. Waliongoza Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, na kazi ya uwandani ikafanywa na taasisi ya EDI iliyokuwa na makao Bukoba. Fikiria ugumu wake. Mtoto aliyekuwa na miaka saba sasa ana miaka ishirini. Ameolewa, amehamia Mwanza, au yuko Kampala anauza viatu. Kaya moja imegawanyika kuwa nne. Walikwenda kwa jirani, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa shangazi, wakiuliza aliko fulani. Waliwafuata mpaka Uganda. Na waliwapata: asilimia 93 ya kaya za mwanzo zilifikiwa tena, angalau mtu mmoja wa kila kaya. Kaya zile 915 zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 wakarudi tena, wakafikia asilimia 92 ya zile za mwanzo. Kwa wanaofuatilia tafiti za aina hii, viwango hivyo ni vya kuvua kofia. Havikupatikana kwa ujanja wa kompyuta. Vilipatikana kwa sababu huku kwetu mtu akihama, jirani anajua kaenda wapi.

Na faida yake? Nitakupa mifano miwili. Beegle, De Weerdt na Dercon walionyesha kwamba waliohama kijijini kwao kati ya mwaka 1991 na 2004, matumizi yao yaliongezeka kuwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Huo ni mjadala ambao kila mzazi wa Kaisho amewahi kuufanya na kijana wake sebuleni. Mfano wa pili unauma. Watafiti haohao waliwafuatilia watoto ambao katika miaka ya 1991 hadi 1994 wazazi wao wote walikuwa hai. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuja kuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 walipokua, na walikosa karibu mwaka mmoja wa shule.

Sentimita mbili, msikilizaji. Ni upana wa kidole gumba. Speke hakuweza kuamini urefu aliopima mwenyewe mbele ya macho yake. Hawa wameona tofauti ya kidole gumba katika maisha ya yatima, baada ya miaka zaidi ya kumi, kwa sababu tu kipimo cha mwaka 1992 kilitunzwa, kikajulikana ni cha nani, cha lini, cha awamu ipi, na kikaweza kulinganishwa na kipimo cha mwaka 2004. Ukivunja mnyororo huo mahali popote, kidole gumba kile kinapotea.

Ndiyo maana ninasema kutaja data si shukrani. Ni njia ya kurudi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakizungumzia duka.

Sasa nikuonyeshe kinachotokea njia ya kurudi inapopotea, na mfano uko hapahapa mlangoni. Sensa ya Agosti 2002 ilihesabu wilayani Karagwe watu 425,476. Sensa ya Agosti 2012 ikahesabu Karagwe watu 332,020. Mchukue msomi aliyeko Ulaya, au hata Dar es Salaam, asiyewahi kufika Omurushaka. Anaweka namba mbili kwenye jedwali, chini anaandika "Chanzo: NBS", yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, anatoa, anapata pungufu ya watu 93,456. Anaanza kutafuta sababu. Ni UKIMWI? Ni njaa? Ni wahamiaji waliorudishwa makwao? Ana mambo ya kuandika kurasa ishirini.

Wewe unayenisikiliza umeshacheka. Hakuna aliyepotea. Mwaka 2012 Karagwe iligawanywa, ikazaliwa Kyerwa, na Kyerwa peke yake ilihesabiwa watu 321,026. Ukijumlisha wilaya mbili unapata 653,046. Watu hawakupungua, waliongezeka kwa zaidi ya laki mbili na elfu ishirini. Kilichobadilika ni mpaka.

Na si Karagwe tu. "Kagera" ya sensa ya 2002 ilikuwa na Chato ndani yake, ikiwa bado upande wa Biharamulo. "Kagera" ya 2012 haina, maana Chato imekwenda Geita. Wadadisi wa KHDS wa mwaka 1991 hawakujua wilaya ya Kyerwa wala ya Missenyi. Ukisoma makala inayosema "data za Kagera zinaonyesha", bila mwaka, bila toleo, uliza: Kagera ya nani?

Kosa la namna hiyo halizuiwi na akili nyingi. Linazuiwa na mstari mmoja ulioandikwa vizuri, unaomrudisha msomaji kwenye chapisho lenyewe la sensa, pamoja na ramani yake na maelezo yake ya mipaka.

Mstari huo unakuwaje basi? Nitaueleza kwa maneno, maana redioni hatuna ubao. Unaanza na waliotengeneza data: majina ya watafiti wakuu, au taasisi kama ni sensa. Unafuata mwaka. Kisha jina kamili la utafiti kama wenyewe walivyoliandika. Usilitafsiri, ukilitafsiri atakayelitafuta hatalipata. Kama lazima msomaji wako alielewe, litafsiri ndani ya makala, lakini kwenye marejeleo liache lilivyo. Kisha awamu au toleo. Kisha anayezitunza data hizo, yaani hazina ilikowekwa. Halafu namba ya utambulisho, na mwisho tarehe uliyozipakua.

Hiyo namba ya utambulisho nitaisemea kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi huiona wakaiacha wakidhani ni takataka za kompyuta. Anwani za intaneti hufa. Chuo kinabadilisha tovuti, mradi unaisha, fedha za kulipia tovuti zinaisha, na anwani uliyoandika inafungua ukurasa mtupu. Ndiyo maana ikabuniwa namba ya kudumu iitwayo DOI, inayoanza na kumi nukta. Data zikihamishwa kutoka hazina hii kwenda ile, namba haibadiliki. Anayesajili ndiye anayebadilisha inakoelekeza. Tangu mwaka 2009 kuna umoja unaoitwa DataCite unaosimamia namba hizo kwa ajili ya data hasa. Na mwaka 2014 wanasayansi, wachapishaji na wakutubi walikubaliana kupitia jumuiya ya FORCE11 kanuni nane za kutaja data. Ya kwanza katika hizo inasema data ni zao halali la utafiti, na kuzitaja kuna uzito uleule wa kutaja makala. Sisi bado tunaziweka chini ya jedwali kwa herufi ndogo.

Maktaba ya data ya Benki ya Dunia, inayotunza KHDS, imerahisisha. Kwenye ukurasa wa kila utafiti imeandikwa wazi kwamba atakayezitumia ataje mtafiti mkuu, jina la utafiti pamoja na nchi na mwaka, namba ya kumbukumbu, na chanzo na tarehe ya kupakua. Nilimwonyesha kijana wetu wa Nkwenda. Alikuwa ameupita ukurasa ule haraka kama tunavyopita masharti ya kampuni za simu, akabofya "nakubali".

Kuna hoja ambayo watafiti hunijibu nayo, na si ya kupuuza. Wanasema: "Mimi nimetaja makala iliyotokana na data hizo. Haitoshi?" Haitoshi. Makala ni maoni ya mtu baada ya kuzitazama data. Ukimtaja yeye peke yake, msomaji anajua ulichosoma, hajui ulichohesabu. Taja vyote viwili. Wengine hujibu, "Nimewashukuru kwenye ukurasa wa shukrani." Hapo nitasema kwa ukali kidogo. Ukurasa wa shukrani ni wa mke, mume, mwenye nyumba na Mungu. Mashine zinazohesabu nani kamtaja nani husoma orodha ya marejeleo, si shukrani. Mtafiti kijana wa Muhimbili au wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo aliyetumia miaka mitatu kukusanya data, akiomba kupandishwa cheo, ataulizwa ametajwa mara ngapi. Shukrani zako hazitamsaidia.

Na ubora wa hesabu nao. KHDS ilichagua kaya kwa makusudi maalumu: zile zenye mgonjwa mtu mzima au zilizokuwa zimefiwa karibuni zilichukuliwa kwa wingi kuliko uwiano wake vijijini, ili vifo vionekane vya kutosha katika sampuli. Ilikuwa busara kwa swali lao. Lakini anayechukua faili leo na kupiga wastani moja kwa moja, bila kutumia uzani wa sampuli, atapata Kagera yenye huzuni kuliko ilivyokuwa. Maelezo ya jambo hilo yamo katika nyaraka zinazokaa pamoja na data, kwenye hazina. Ukitaja data kikamilifu, msomaji anafika kwenye nyaraka hizo na anaweza kukukosoa. Pengine ndiyo sababu wengine hawapendi kutaja.

Niruhusu nieleze na langu. Kabla sijakaa nyuma ya maikrofoni niliwahi kuajiriwa udadisi, katika utafiti ambao sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kubeba ubao wa kupimia urefu wa watoto. Ubao ule ni mzito, na vilima vyetu mnavijua. Unamlaza mtoto chali, mwenzako anashika kichwa kiguse ubao wa juu, wewe unabonyeza magoti yanyooke, unasogeza kibao cha chini kiguse nyayo, unasoma haraka kabla hajapiga teke. Mtoto analia kana kwamba anachinjwa. Mama mmoja, amesimama mlangoni na jembe mkononi, akaniuliza, "Mnamvuta ili arefuke?" Nikamwambia hapana, mama, tunataka kujua anakua vipi. Akasema, "Kukua kwake nakujua mimi. Andika kwamba hajapata maziwa tangu ng'ombe afe." Dodoso halikuwa na nafasi ya sentensi hiyo. Niliiandika pembeni kwa penseli.

Miaka ilipita. Siku moja nikaona ripoti yenye jedwali la vipimo vya watoto wa kata ile, mwaka ule. Chini yake: "Chanzo: Mwandishi." Nilicheka peke yangu. Mwandishi yule hakuwahi kupanda kile kilima. Sikudai jina langu liandikwe, mimi nililipwa posho yangu. Lakini utafiti wenyewe haukutajwa, wala mwaka wake, wala ulipohifadhiwa. Kama upo mahali, hakuna anayeweza kuufikia. Na maneno ya mama yule, yaliyoandikwa kwa penseli pembeni ya dodoso, yamekwenda na maji.

Watu wa Karagwe na Kyerwa tunaijua butura: mkulima anabanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika gunia linaondoka shambani kwake likiwa na jina la mwingine. Sioni tofauti kubwa na jibu lililotolewa sebuleni kwa saa mbili, kwa malipo ya mche wa sabuni, likaenda kuvunwa mbali na kuandikwa "Chanzo: Mwandishi".

Hapo najua kuna msikilizaji atakayeuliza: basi na majina yetu tuliohojiwa yaandikwe? Hapana. Hapa tusichanganye mambo. Mama wa Bweranyange alikosa jina kwa sababu mpimaji hakuona umuhimu wake. Wewe leo unafichwa jina kwa sababu ni haki yako. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinataka siri za mtu zilindwe. Majibu kuhusu ugonjwa, madeni na ndoa hayapaswi kufuatwa mpaka mlangoni kwako na kila mwenye kompyuta. Hata jina la kitongoji mara nyingi huondolewa, maana kitongoji kikiwa na mwalimu mmoja mstaafu mwenye trekta, kutaja trekta ni kumtaja yeye. Kinachotajwa ni utafiti, walioufanya, mwaka na mahali kwa upana unaoruhusiwa. Hilo linawezekana bila kumwanika mtu.

Na wewe mtafiti unayekusanya data zako mwenyewe, usitaje "Data za Uwandani" ukadhani umemaliza. Data za uwandani ziko wapi? Kwenye flashi. Flashi iko wapi? Mmh. Ziandae, ondoa majina na namba za simu, andika ukurasa mmoja unaoeleza kila safu ina maana gani, hakikisha kibali chako na ridhaa ulizochukua zinaruhusu, kisha ziweke kwenye hazina. Kama chuo chako kina hazina, vizuri. Kama hakina, Zenodo inayoendeshwa na maabara ya CERN tangu mwaka 2013 inapokea bila malipo na inakupa DOI papo hapo. Kisha kwenye tasnifu yako jitaje mwenyewe, kama unavyomtaja mtu mwingine. Si majivuno. Msimamizi wako akistaafu na flashi yako ikiungua, namba zitakuwepo.

Kijana wa Nkwenda amerudi juzi. Orodha ya marejeleo imeongezeka mistari mitatu: KHDS ya 1991 hadi 1994 na majina sita ya viongozi wake, KHDS ya 2004, na sensa ya 2012 pamoja na jina la chapisho lenyewe. Chini ya majedwali mawili ya mwisho sasa kuna majina na miaka, na maelezo mafupi kwamba Karagwe ya data za KHDS inajumuisha Kyerwa ya leo. Data zake mwenyewe bado ziko kwenye flashi, anasema anasubiri ruhusa ya chuo. Nimemwachia hapo, lakini nitamuuliza tena.

Na ombi langu la mwisho ni kwako wewe usiyeandika tasnifu. Siku mdadisi atakapobisha hodi, awe wa serikali, wa chuo au wa shirika, mkaribishe, mpe kiti, mpe na kahawa ya kutafuna kama ipo. Kabla hajafungua dodoso lake mwombe akuandikie vitu vitatu kwenye karatasi: utafiti unaitwaje, nani anauongoza, na data zitahifadhiwa wapi. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi ya kliniki ya watoto. Mwanao akifika chuo, atajua pa kuanzia kutafuta.